Mama Mkwe Hakuzimia

Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa yangu sikuwahi kumshika mkono mama mkwe wangu. Si kwamba tuligombana. Tulipendana sana, na ndiyo maana tulikaa mbali. Yeye ni wa Manyatta, juu kidogo ya mji wa Embu, na mimi ni Mmeru, na huku kwetu kote mkwe huitwa muthoni, na muthoni ni mtu wa kuonewa haya. Najua vijana wa siku hizi huwakumbatia mama wakwe zao na kupiga picha nao wakicheka. Mama mkwe wangu hakuwa wa siku hizi. Nikiingia uani alitokea kwenye mlango wa jikoni, akanisalimia kutoka hapo hapo, akauliza kama Meru kumenyesha, kisha akarudi ndani. Chakula changu kililetwa na mtu mwingine. Hakula mbele yangu, wala mimi sikula mbele yake, na jina lake sikulitamka hata siku moja. Kimeru changu na Kiembu chake vinasikilizana vizuri tu, lakini tulizungumza Kiswahili, kwa sababu ndicho cha ofisini, na mambo yetu tuliyaendesha kiofisi.

Nayasema haya mapema ili mtu asiniite mjinga kwa niliyoyafanya Jumamosi ile. Ujinga ulikuwapo, ila ulikuwa wa adabu.

Nilikuwa nimempelekea miche ya ovakado. Mke wangu alikuwa ameteremka Kiambere tangu alfajiri kwenye mazishi ya mama wa mwalimu mwenzake, tukakubaliana kwamba tukutane Manyatta jioni. Nilifika kama saa nne asubuhi, nikapiga hodi, kimya. Nikaanza kushusha miche. Ndipo nikasikia kishindo kutoka bafuni, lile bafu la mabati nyuma ya jikoni, halafu beseni likabingirika mpaka likatulia. Nikaita. Hakuna aliyeitika. Nikakimbia.

Mlango ulikuwa umefunguka wenyewe. Alikuwa amelala kwa ubavu kwenye saruji, povu la sabuni kwenye nywele, uso rangi ya majivu, na leso aliyokuwa amejifunga imekwenda upande wake. Nilifumba macho. Naapa hilo ndilo jambo la kwanza nililofanya, kabla ya kufikiria kama yu hai. Nikavua koti, nikalitupa kwa kukisia lilipofaa kuangukia, nikarudi kinyumenyume na kujigonga kisogo kwenye fremu ya mlango. Nikasimama nje nikimwita Mungu. Nilichungulia mara mbili kuona kama koti linapanda na kushuka, na mara ya pili lilipanda. Zilipita kama dakika mbili, ndefu kuliko ibada ya Pasaka, kabla sijasikia akikohoa.

Mtu mwenye akili angeingia amsaidie kuinuka. Mimi nilikimbia hadi kwenye lango, nikalifungua, nikalifunga kwa kelele, kisha nikapaza sauti: hodi hapa!

Baada ya muda akatoka, amevaa gauni lake la kanisani, kitambaa kichwani. Aliliweka koti langu kwenye kigoda katikati ya uwanja, limekunjwa vizuri, akarudi nyuma hatua tatu ndipo na mimi niende nilichukue. Akaniuliza kama nimefika sasa hivi. Nikamjibu kwamba nimefika sasa hivi. Akasema karibu. Basi, mkataba ukawa umetiwa sahihi: hakukuwa na bafu, hakukuwa na kuanguka, na koti langu lililolowa povu lilikuwa limenyeshewa huko Meru.

Lakini nilikuwa nimeona. Alipojaribu kunimiminia chai mkono ulimshinda, na jasho lilimtiririka kana kwamba ameshinda akilima. Alijishika taya. Kwa heshima zote, nikiitazama miche, nikasema kwamba naona nina safari ya mjini kununua misumari, na kama kuna mtu ana shida yoyote hapa, hata ndogo, gari lina nafasi. Akafikiri. Akasema liko jino linalomsumbua, na kwa kuwa nakwenda kununua misumari, si vibaya. Sikuhitaji misumari wala hakuwa na jino bovu, na sote tulilijua hilo.

Garini ikaja shida nyingine. Mbele hakai na mkwe wake, hilo halina mjadala. Alikaa nyuma, lakini kioo cha dereva kilikuwa kikimtazama usoni. Nikakigeuza kikatazama paa. Niliteremka hadi Embu siku ya soko bila kuona kilichokuwa nyuma yangu, nikipigiwa honi na kila mwenye pikipiki, na mama mkwe wangu naye kila baada ya dakika chache akikohoa kidogo ili nijue bado yupo. Nilivihesabu vile vikohozi. Kati ya cha nne na cha tano palikuwa kimya kirefu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Hospitali siitaji. Kwenye lango la idara ya dharura palikuwa na mlinzi, na kama hujui, mlinzi ndiye daktari wa kwanza utakayekutana naye. Aliuliza dharura gani. Mama mkwe akajibu kutoka nyuma kwamba ni jino. Mlinzi akasema kliniki ya meno hufungwa Jumamosi, turudi Jumatatu. Nikashuka garini, nikamsogelea nimnong'oneze ukweli, lakini dirisha la nyuma lilikuwa wazi na masikio ya mama yalikuwa mazima. Mwisho nikasema neno moja tu, kwamba yule ndani ni mama mkwe wangu, na tuko wawili peke yetu.

Mlinzi alikuwa mtu mzima wa miteremko hii hii. Alimtazama, akanitazama, akaona koti langu lenye povu na jinsi nilivyokuwa nikitweta. Alifungua lango na kuniletea kiti cha magurudumu mwenyewe, akaniambia pole sana. Kiti kilikuwa baraka, kwa sababu unaweza kukisukuma kiti bila kumshika mtu. Gurudumu moja lilikuwa na nia ya kwenda maabara, nikawa nakisukuma kishingo upande.

Dawati la kuandikishia lilikuwa na kijana mwenye Kiswahili kizuri mno, nadhani alitoka mbali. Akauliza jina la mgonjwa. Nikanyamaza. Akarudia, pengine akidhani nina matatizo ya masikio. Nikamweleza kwamba jina lake silitamki. Akauliza kama silijui. Nikasema nalijua, nusu. Akauliza nimemtoa wapi huyu mama. Nyuma yetu foleni ikaanza kuguna. Nikageuka kutafuta mtu wa kuniokoa, na hapo ndipo nilipompata mzee wa mizinga.

Alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na kiti cha mama, mzee wa Kimbeere kutoka upande wa Kiambere, ambaye asubuhi hiyo nyuki wake mwenyewe walimgeuka. Alishadungwa sindano na kuambiwa akae hapo aangaliwe. Hakuwa na maumivu makubwa tena, lakini uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamezikwa, hakuona hata mkono wake. Mama mkwe alimwamini mara moja. Mwanamume asiyeona, wa rika lake, ambaye si mkwe wa mtu yeyote pale: mjumbe wa namna hiyo huwezi kumpata hata ukimtangaza redioni. Akamnong'oneza jina lake, mzee akampazia sauti karani, na mimi nikajiziba masikio. Umri ukapita njia hiyo hiyo. Kitambulisho kilikuwa kimefungwa kwenye leso, na leso ilikuwa imefichwa mahali ambapo mimi nilitakiwa nitazame dirishani kwa muda, nikatazama.

Kisha tukaingizwa kwa muuguzi anayepima wagonjwa na kuamua nani aonwe kwanza. Watu hudhani dharura ni foleni ya posho, aliyetangulia hutangulia kupata. Sivyo. Unapimwa presha, joto na mapigo, unaulizwa maswali, na majibu yako ndiyo yanayokupa rangi. Nyekundu unakimbizwa ndani. Manjano unangoja ukiangaliwa. Kijani unangoja mpaka uwafahamu walinzi wa zamu zote mbili. Kwa hiyo yule muuguzi, dada mpole mwenye macho mekundu ya uchovu, alikuwa anategemea ukweli wetu, na sisi tulikuwa tumekuja na adabu.

Alipima. Akakunja uso kidogo, akapima tena kwa vidole vyake akitazama saa. Mapigo thelathini na nane, alisema, yako chini. Akamuuliza mama kama kifua kinauma. Mama akasema ni jino. Akamuuliza kama anaona kizunguzungu. Mama akasema hapana, labda njaa.

"Ulizimia? Ulianguka mahali popote leo?"

"Hapana."

Muuguzi akanigeukia mimi.

"Na wewe uliye naye, ulimwona akianguka?"

Mama mkwe wangu hakunitazama. Aliutazama mkoba wake, akaanza kuufunga zipu ambayo ilikuwa imefungwa. Nilijua ninaombwa nini. Nilijua pia kwamba mwanamke huyu alininyima binti yake miezi saba mpaka alipohakikisha kwamba nina adabu, na kwamba tangu siku aliyokubali hajanidharau mbele ya mtu yeyote. Nikasema mimi nilifika baadaye.

Tukapewa manjano.

Nataka niseme wazi kwamba nilijichukia. Nilikisukuma kile kiti kurudi kwenye benchi, mzee wa mizinga akaketi katikati yetu kama ukuta, na nikaanza kuurekebisha uongo wangu kwa njia ndogondogo. Nikamwomba mzee amuulize mama kama angependa kumwambia daktari jambo lolote la ziada. Mzee akauliza. Mama akamwambia mzee aniambie kwamba ovakado huhitaji shimo la futi mbili. Nikamwomba mzee amwambie mama kwamba hospitalini watu hawaoni haya, kila mtu huanguka. Mzee akapeleka. Mama akamwambia mzee aniambie kwamba miche isikae juani. Ujumbe ulikwenda na kurudi hivyo, mzee akigeuza kichwa chake kilichovimba kulia na kushoto, na watu wa benchi la pili wakitufuata kama wanaotazama mpira.

Kila jibu lilichelewa kuliko lililotangulia. Lile la miche na jua lilikuja kwa vipande, neno, pumzi, neno. Mzee akaacha kugeuza kichwa. Mtu asiyeona husikia, na alikuwa anasikiliza pumzi za mama. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna kitu nimeficha. Akaniuliza kama huyu mama ameanguka. Sikujibu.

"Nyinyi wawili," alisema, "mtaheshimiana mpaka kwa kaburi."

Mama alilisikia. Alitikisa kichwa kidogo sana, akinikataza mimi, si mzee. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ileile ya bafuni. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema anayemsaidia mtu kuficha hufanywaje. Nikasimama. Nikapita foleni nzima, nikatukanwa na mtu mwenye mguu wa plasta, nikaingia moja kwa moja ndani palipokuwa na daktari, mwanamke kijana aliyekuwa akiandika akiwa amesimama. Muuguzi alinifuata akinizuia, akikisukuma na kile kiti mbele yake kwa sababu mama alikuwa ameanza kuinamia upande. Kwa hiyo nilipofungua mdomo, mama mkwe wangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu na alisikia kila neno.

"Alizimia. Bafuni. Mimi ndiye niliyemwona."

Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza alilala muda gani. Nikasema kama dakika mbili. Akauliza nilijuaje. Nikasema nilikuwa nimesimama mlangoni. Akauliza kwa nini nilisimama mlangoni. Muuguzi, ambaye ni wa huku, akamwambia daktari, yule ni mkwe wake, na daktari akasema ahaa, akaendelea. Alikuwa na rangi gani? Majivu. Alitikisika? Hapana. Alijikojolea?

Nilisikia zipu ya mkoba ikifunguliwa na kufungwa. Nimeshawahi kusimama mbele ya mwajiri, mbele ya hakimu kwa kesi ya shamba, na mbele ya wazee saba wa ukoo wa mke wangu walionihoji kama nina nia njema. Hakuna swali lililonishinda kama hilo.

"Daktari," nikasema, "lilikuwa bafu. Maji yalikuwa kila mahali."

Aliniangalia kwa sekunde moja, akaandika kitu, na mpaka leo sijui aliandika nini. Halafu mambo yakaenda mbio. Ile manjano ikatupwa. Mama akaingizwa chumba cha ndani, na gurudumu lililotaka maabara likaburutwa kwa nguvu. Walikuwa watu watatu na kitanda kilikuwa juu, na daktari akaniamuru nishike mabega. Nikatazama kama kuna mjumbe. Mzee wa mizinga alikuwa amebaki nje na macho yake. Nikapitisha mikono chini ya kwapa za mama mkwe wangu, nikamwinua.

Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililoniumiza. Kwa miaka yote hiyo nilimwogopa kama mlima, na alikuwa mzigo wa kuni wa asubuhi moja. Kichwa chake kikaniegemea kifuani, kikinukia sabuni ambayo hakupata muda wa kuisuuza. Alifumba macho kwa aibu, na mimi nikafumba yangu, mpaka daktari akanipigia kelele kwamba nifungue macho nitamwangusha.

Wakambandika nyaya za kupimia moyo. Nilitazama ukuta. Ukutani palikuwa na bango la kunawa mikono, nikalisoma lote, hatua kwa hatua, mara tisa. Daktari akaivuta karatasi iliyotoka kwenye mashine, akaisoma, akaita mwenzake. Baadaye alinieleza kwa lugha ya kawaida, na hakuwa na habari kwamba ananichoma. Alisema moyo una sehemu ya juu na sehemu ya chini. Ya juu inatuma ujumbe, ya chini haiupati, kila moja inapiga kivyake. Akizimia tena unaweza kusimama kabisa. Angetiwa dawa ya kumshikilia, kisha apelekwe hospitali kubwa akawekewe kifaa kidogo kifuani cha kupitisha ujumbe huo. Aliniambia pia kwamba kuzimia ndiko kulikomfanya asingoje. Mtu wa jino na mapigo ya chini angeweza kukaa kwenye benchi saa nyingine nzima. Nikatoka nje nikalia mbele ya mlinzi, ambaye alitazama pembeni kwa adabu zake.

Mke wangu alifika saa kumi alasiri, vumbi la Kiambere miguuni, amevaa nguo nyeusi za mazishi, jambo lililowatia hofu wagonjwa wawili mlangoni. Alikuwa amepata simu yangu njiani na hakuelewa kitu, kwa kuwa nilimwambia tu kwamba mama yake yuko hospitali na kwamba mimi nimefanya kosa. Nikamweleza lote, hata la koti. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunika uso kwa mikono. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu akawa analia.

Tukaingia pamoja. Mama alikuwa ameegemezwa kwenye mito, dripu mkononi, uso umerudisha rangi kidogo. Nilisimama mbali, karibu na mlango, pale ninapopajua. Hakunitazama. Alizungumza na binti yake kwa Kiembu, taratibu, akamwagiza kuhusu kuku, ng'ombe na funguo za ghala. Mke wangu akawa anajibu ndiyo mama, ndiyo mama. Sikusikia nikitajwa popote. Nikajiambia nitakubali chochote, hata asiponikaribisha kwake tena, kwani yu hai.

Muuguzi akaja kusema ambulansi iko tayari, na kwamba nafasi ni ya ndugu mmoja tu. Huko njiani, akasema, na huko waendako, ataulizwa mambo mengi, kwa hiyo awe ni mtu anayemjua mgonjwa. Mke wangu akachukua mkoba wa mama yake na kuinuka, kama ilivyostahili. Mama akamshika mkono akamrudisha kitini. Kisha akabadili lugha, akaingia kwenye Kiswahili, ili na mimi nisikie.

"Wewe nikikuambia niko sawa utaamini," akamwambia binti yake. "Wacha aende huyu. Huyu ikibidi ataniaibisha tena."

Muuguzi akaniuliza kama niko tayari. Nikauchukua mkoba.